Filamu za kutisha za vijana: ipi ilikunyima usingizi? Tupeane uzoefu

Mzee wa Deki
Wakuu habari za jioni. Jana mwanangu wa miaka 14 kaniomba tuangalie Scream, ile ya kwanza ya 1996, ya muuaji anayepiga simu kwanza, nikajifanya baba jasiri. Simu ilipolia tu pale mwanzo nikarudi Temeke mwaka 99. Simu yetu ya mezani ilikuwa ile ya kuzungusha, mzee akaitia kufuli kwenye namba ili tusimmalizie bili, yaani kupokea unapokea, kupiga huwezi. Sasa nimetoka kibanda umiza kuangalia hiyohiyo Scream, bimkubwa kaenda kitchen pati, niko peke yangu, simu ikalia. Nikapiga hesabu fasta: muuaji akipiga nampokea, mimi nikitaka polisi ufunguo anao mzee 😂 Nikatoka mbio nikakaa kwa mama muuza samaki hadi saa nne usiku. Kumbe ni shangazi alikuwa anapiga toka Tanga. Haya na nyie mwageni.

Binti Kyela
Kufuli la simu jamani 😂😂 hata kwetu lilikuwepo

Chogo la Kilosa
Mi Jason ndo alinimaliza. Friday the 13th ya 1980, na kinyago chake cha hoki, anachinja vijana kambini kule ziwani. Sikuoga mtoni mwaka mzima.

Mjuaji
Mkuu usipotoshe watu. Hiyo ya 1980 muuaji ni MAMA YAKE Jason. Jason anaanza kuua kwenye ya pili tena kichwani kavaa gunia, kinyago cha hoki kimekuja ya tatu, 1982.

Chogo la Kilosa
We ulikuwepo? Mtafsiri kasema kwa mdomo wake "Jasoni huyooo"

Mjuaji
Watafsiri walikuwa wanajitungia, wote tunajua. Na swali hilohilo ndo lilimponza mpenzi wa yule dada aliyeigizwa na Drew Barrymore mwanzoni mwa Scream, dada kaulizwa kwa simu muuaji wa Friday the 13th nani, kajibu Jason kama wewe.

Binti Kyela
Chogo ungetuulia mtu dakika ya kumi tu 😂

Mpangaji Chumba na Sebule
Mi sikuwahi kuogopa wala. Angalieni Halloween ya 1978, ile ya John Carpenter, binti wa shule analipwa kulea mtoto wa jirani usiku, wazazi wametoka, nyumba ghorofa nzima watu wawili. Vijana wao kila mtu na gari lake, wakitaka mapenzi wanakuta nyumba tupu, sasa muuaji atakosaje kazi? Kwetu wapangaji sita mlango mmoja, yule jamaa na kile kinyago chake cheupe (ambacho ni sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek wakaipulizia rangi, mnajua?) angefika uani tu angeulizwa kijana unamtafuta nani, na viatu vua hapo nimedeki.

Mzee wa Deki
Nimecheka hadi wife kaniuliza kuna nini

Dada wa Bweni
Naomba niseme hili, nimelibeba miaka mingi. Nilikuwa kidato cha pili, bweni la wasichana huko nyanda za juu, shule sitaji. Jumamosi usiku tunawekewa video bwaloni, TV moja shule nzima, siku hiyo ikawekwa I Know What You Did Last Summer. Vijana wanne wanagonga mtu na gari, wanamtupa majini, wanaapa kunyamaza, mwaka unapita barua inakuja, halafu anatokea jamaa wa koti la mvua na ndoano. Sasa sisi wanne wa chumba kimoja tulikuwa na letu, tulimwibia dada wa kidato cha nne sukari na maziwa ya unga kwenye tranka. Narudi kulala nainua mto nakuta kikaratasi: NAJUA MLICHOFANYA

Binti Kyela
Weeeee

Chogo la Kilosa
Endelea basi dada unatukata stimu

Dada wa Bweni
Nilikuwa nageuza ugali jamani. Siku mbili hatukutoka usiku, tulijisaidia kwenye ndoo. Ya tatu tumbo likanishika, tukaenda chooni wote wanne tumeshikana mikono na chemli moja, mvua inanyesha. Mlangoni kasimama mtu, koti refu la mvua, kofia imefunika uso. Sijui nguvu nilitoa wapi, nilimtwanga na ndoo ya usoni. Alikuwa matroni, kaja kukagua vyoo. Jino la mbele likaenda. Wazazi wakaitwa, baba alilipa hilo jino.

Ustadhi wa Mtaa
Poleni. Soma Ayatul Kursiy kabla ya kulala, na watoto wasiangalie uchafu huu.

Mpangaji Chumba na Sebule
Waache waangalie, ila mchana na sauti ukate. Bila muziki hakuna cha kutisha hapo.

Mjuaji
Dada, sasa kikaratasi aliandika nani?

Dada wa Bweni
Hadi leo sijui. Mwenye sukari alikana, alikuwa hata hajagundua kama kaibiwa

Mjuaji
Basi ni mmoja wenu wanne

Dada wa Bweni
Ee Mungu wangu. Kuna mmoja usiku ule hakulia

Chogo la Kilosa
Haya basi, aliyeandika ni mama yake Jason. Umeridhika Mjuaji?