Wenye uzoefu mnaosaka kazi Dar, tupeane uzoefu

Mzee wa Ledja
Wakuu, habari za jioni. Nimeona tangazo la kampuni moja iko Mikocheni: mhasibu mwandamizi, mwenye CPA (cheti cha juu cha uhasibu), uzoefu usiopungua miaka 8. CPA ninayo, kazini nina miaka 14. Nikampigia jamaa yangu aliyeko ndani, akaniambia kwa upole, "Kaka, wanataka mtu wa chini ya 35, ila hawawezi kuliandika hilo." Roho imeniuma sana. Kila tangazo linadai uzoefu, ukiupeleka unaonekana mzigo. Yaliyowakuta tuyaweke hapa, hasa sisi tuliovuka 38.

Dada wa Tabata
Umenigusa pabaya kaka yangu. Mimi swali linalonirudia ni, "Utaweza kuwa chini ya bosi uliyemzidi umri?" Mwanzoni nilikuwa najieleza, siku hizi najibu "ndiyo" na kunyamaza. Hawaniamini. Natoka pale na bahasha yangu ya vyeti natembea hadi Makumbusho nikitafuta gari la nyumbani.

Kimara Mwisho
Ni kweli kabisa.

Mradi Umefungwa
Sisi wa miradi ya afya ndiyo tumemwagwa kwa mkupuo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu tuliokaa miaka kumi kwenye takwimu na ufuatiliaji wa miradi tukaingia sokoni wiki moja. Nafasi moja ikitangazwa, kwenye foleni ya usaili nakutana na watu wote niliofanya nao kazi. Tunasalimiana, tunaulizana watoto, kila mmoja anajua mwenzake ana ada ya muhula inasubiri. Hilo ndilo linaniumiza kuliko hata kukosa.

Na msiniambie niende serikalini. Matangazo yale yana mstari wazi kabisa: umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walio kazini serikalini. Mimi nina 46.

Fao Kwanza
Poleni. Kabla ya kuhangaika na CV, nendeni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mkaulize fao la kukosa ajira. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, uwe umechangia si chini ya miezi 18 na usiwe umeacha kazi mwenyewe. Wengi wanasaini barua ya "kuacha kwa hiari" ili wasigombane na mwajiri, kumbe wanajifungia mlango.

Bosi wa Tegeta
Niwe mkweli, mimi naajiri, nina kampuni ndogo. Mtu wa miaka 15 kazini anakuja anataka mshahara wa shirika la kimataifa, gari na bima ya familia. Nikimpunguzia anakubali, halafu mwezi wa tatu anaondoka. Kijana nikimfundisha anakaa.

Dada wa Tabata
Anakaa kwa sababu hana pa kwenda! Akipata ataondoka vilevile. Na uliwahi kumuuliza huyo mtu mzima anataka nini, au ulimkadiria kwa kumtazama?

Bosi wa Tegeta
Dada, nimeeleza yaliyonikuta kama mlivyoeleza yenu.

Mzee wa Ledja
Bosi, hoja yako naielewa, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa umri, na inamlinda hata anayeomba kazi. Mwenye sifa aitwe, mshahara tutaongea mezani.

Njia ya Kongowe
Ngoja na mimi nilitoe, nimelibeba muda mrefu. Mimi ni mtu wa mauzo na usambazaji, miaka 16. Kampuni moja ya bidhaa za nyumbani iliniita usaili. Wa kwanza mzuri, wa pili mzuri. Wa tatu wakaniambia, "Tuandalie mpango wa usambazaji wa Temeke nzima, tuone unavyofikiri." Wakanipa wiki.

Ndugu zangu, nilifanya kazi. Nilipanda daladala, nikashuka Tandika, Buza, Rangi Tatu mpaka Kongowe. Nikaongea na wenye maduka ya jumla mmoja mmoja: nani anachukua mzigo siku gani, nani hakopesheki, uchochoro gani Fuso haliingii mvua ikinyesha. Kila njia nikaipa alama yake: MK ni Mbagala–Kongowe, TB ni Tandika–Buza. MK nikaiacha tupu Jumanne, kwa sababu wale niliozungumza nao wanakwenda kununua Kariakoo kila Jumatatu na kesho yake hawana hela mkononi. Hilo hulijui ukiwa ofisini.

Nikawasilisha, wakapiga makofi. Mkurugenzi akanisindikiza mpaka kwenye lifti. Baada ya hapo kimya. Barua pepe haijibiwi, ukipiga simu ni "tutakutafuta". Miezi ikapita. Siku moja shemeji yangu mwenye duka la jumla Mbagala ananirushia picha WhatsApp, ananiuliza kama hii ratiba mpya ya magari naielewa. MK. TB. Jumanne tupu. Hata rangi hawakubadilisha. Nilikaa kwenye kochi, mke wangu akadhani nimepigiwa simu ya msiba.

Kimara Mwisho
Duh. Mkuu pole sana.

Mradi Umefungwa
Nimesoma mara mbili. Huo ni wizi, hauna jina jingine.

Bosi wa Tegeta
Hapo hata mimi sitetei. Hao wamekosa utu.

Wakili Chini ya Mwembe
Barua pepe uliyotumia kazi unayo bado? Ihifadhi pamoja na ile picha ya shemeji. Usikimbilie CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), wale wanashughulika na migogoro ya kazi na wewe hukuajiriwa. Haki ya kazi uliyoiandika ni suala la hakimiliki, tafuta wakili akuandikie barua ya madai.

Mama Wawili
Wakili gani wa bure? Kaka, mtu hana kazi unamwambia alipe wakili. Ushauri wangu: wakikuomba mpango, toa nusu. Eleza utafanya nini, utakavyofanya usieleze mpaka usaini mkataba. Na jina lako liwe kila ukurasa.

Fao Kwanza
Ukitoa nusu watasema huna kina, watamchukua aliyetoa yote. Mimi nasema kataa kabisa.

Mama Wawili
Akatae huku mwenye nyumba anagonga mlango?

Bajaji Namba Moja
Wakuu, nilikuwa ofisa manunuzi miaka 11. Nimenunua bajaji mbili, moja naendesha mwenyewe Mbezi. Vyeti viko kabatini, havijanidai hata ugali. Njooni barabarani!

Njia ya Kongowe
Nakuheshimu ndugu yangu, jasho ni jasho. Lakini kazi yangu naipenda. Sitaki kuikimbia kwa sababu mtu kaniibia.

Mama Wawili
Na wale wanaowatoza watu "ada ya usajili" ili wawaunganishe na ajira, msiwape hata mia. Wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi. Dada yangu aliombwa hela ya "kipimo cha afya" kwa simu kabla hata ya usaili, na aliyepiga alikuwa anaijua CV yake yote.

Wakili Chini ya Mwembe
Naongeza kwa waliopunguzwa karibuni. Ukiona umeachishwa isivyo halali, CMA unakwenda ndani ya siku 30. Na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Kagueni hesabu zenu kabla ya kusaini chochote.

Mzee wa Ledja
Asanteni. Dada wa Tabata, wewe ni wa hesabu? Kuna mzee ana duka la vipuri Gerezani, anatafuta mtu wa kumshughulikia ritani za kodi za TRA, si kazi ya kila siku. Mimi nina wengine wawili wa aina hiyo, simuwezi.

Dada wa Tabata
Ndiyo kaka, ni wa hesabu. Anatoa ngapi?

Mzee wa Ledja
Mtaelewana. Ila akikuuliza ulikuwa unalipwa ngapi zamani, usimtajie, atakuogopa. Mwambie bei ya kazi yake. Nakutumia namba pembeni.