Naomba ushauri: kupanda uongozi wa vyuo vya jamii Marekani bila shahada ya udaktari (PhD au ya elimu)

Wakuu, habari za majukumu. Niko California, ofisi ya fedha ya chuo kimoja cha jamii, hivi vya miaka miwili. Nina MBA (uzamili wa biashara) na ndoto yangu ni kuongoza chuo, Mungu akijalia hata mfumo mzima wa vyuo vya jamii vya California (vyuo 116, si mchezo).

Bosi wangu anasema bila udaktari nisahau. Mbona Eloy Ortiz Oakley alikabidhiwa mfumo huu 2016 akiwa na MBA, tena alipandia upande wa utawala? Ila aliyepo sasa tangu 2023, Sonya Christian, mzaliwa wa India, alianza kwa kufundisha hesabu Chuo cha Bakersfield mwaka 1991, na udaktari anao.

Nimeomba nafasi za ukuu wa kitivo (dean). Tangazo linasema udaktari "unapendelewa", lakini kwenye usaili swali la kwanza ni nimefundisha wapi. Sijafundisha popote.

Mliomo humo: nianze na darasa moja la jioni la uhasibu, au nijitose kwenye udaktari wa elimu, na ada zenyewe mnazijua? Na aliyetoka fedha akafika urais wa chuo, ulivukia cheo gani?