Mitumba, fundi au nguo mpya: mwanafunzi asiye na muda achague nini?

Kijana_wa_Ubungo
Wakuu, habari za muda huu. Bumu, yaani fedha yetu ya mkopo ya kujikimu chuoni, linakaribia kuingia, na safari hii nimepania kuachana na fulana na jinsi zilezile za kila siku. Niko mwaka wa pili, ratiba imebana kuanzia vipindi vya asubuhi hadi mijadala ya usiku, hivyo sina muda wa kupiga pasi wala wa kuzunguka madukani. Nina njia tatu kichwani: kununua mitumba soko la Karume, kumpelekea fundi kitambaa anishonee, au kwenda Kariakoo kununua nguo mpya. Ipi inamfaa mtu anayetaka kuonekana nadhifu bila kujisumbua? Naomba kuwasilisha.

Mama_Cherehani
Mwanangu, umeeleza yote isipokuwa yanayohitajika. Wewe ni wa kiume au wa kike? Unasoma nini, maana anayeingia maabara na anayesimama mbele ya darasa hawavai sawa? Umetenga kiasi gani? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakushauri kwa kujitazama yeye mwenyewe.

Kijana_wa_Ubungo
Shikamoo mama. Ni wa kiume, nasoma ualimu, na nimetenga laki moja na nusu, viatu vikiwemo.

Mkaa_Ilala
Kwa kiasi hicho, mkuu, Kariakoo isahau. Shati jipya la bei ya chini mara nyingi ni poliesta tupu, na kwa joto la Dar es Salaam poliesta hubana jasho na kutunza harufu hata baada ya kufuliwa. Nenda Karume asubuhi, belo linapofunguliwa. Shika kitambaa cha shati, kifinye kiganjani huku ukihesabu polepole hadi kumi, kisha uachie. Kikibaki na makunyanzi, kirudishe, kwa kuwa umeshasema huna muda wa pasi. Soma lebo ya ndani: shati lenye mchanganyiko wa pamba na poliesta ndilo la mtu mwenye haraka, kwa sababu pamba hunyonya jasho na poliesta hupunguza mikunjo. Halafu tazama bega kabla ya kitu kingine chochote. Mshono ukiangukia pale bega linapoishia, ubavu, mikono na urefu atavipunguza fundi aliyekaa na cherehani pembeni mwa soko, tena ukiwa unasubiri. Bega likizidi, usilichukue hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Mama_Cherehani
Huyo anayepunguza naye ni fundi, basi kwa nini asishone kabisa? Suruali mbili za tetroni, moja ya bluu iliyokoza na nyingine ya kijivu, zikishonwa kwa vipimo vyake zitamfikisha mahafali, wala hatapoteza asubuhi nzima akifukua marundo.

Msomi_wa_Tandika
Mama, kwa heshima zote, ngoja niseme yaliyonikuta. Mwaka wangu wa mwisho nilimpelekea fundi mmoja kitambaa cha suruali mbili na shati, nikalipa nusu ya fedha, na nikamweleza wazi kwamba Jumatatu ninaripoti kwenye mafunzo kwa vitendo. Siku ya ahadi nikaambiwa umeme ulikatika. Nikarudi, nikaambiwa zimebaki vifungo tu. Jumamosi nikamkuta kijana wake, ambaye hakuwa na habari yoyote na kazi yangu, na kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa kwenye mfuko niliopeleka nao. Jumapili usiku ndipo nilipokabidhiwa suruali moja, pindo likiishia juu ya kifundo cha mguu, na alipoulizwa akajibu bila haya kwamba ndiyo mtindo wa sasa. Niliripoti kwa suruali ya kuazima. Mtu asiye na muda hawezi kumfuatilia fundi. Mitumba ukiijaribu na ikakukaa, unaondoka nayo.

Mama_Cherehani
Pole sana, lakini usiwaweke mafundi wote kapu moja. Fundi mgeni hupewa kwanza kazi ya kupunguza pindo, ukaona mkono wake na ahadi yake, ndipo umkabidhi kitambaa.

Mzalendo_Pamba
Ninasikitika kuona wasomi wakisifia mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda iliposhikilia kodi yake, Marekani ikaisimamishia mwaka 2018 nafuu ya kuuza mavazi huko bila ushuru chini ya mpango wake wa AGOA, na sisi wengine tukawa tumekwisha kurudi nyuma. Huyu kijana anaishi Ubungo, jirani na kilipojengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, na bado anatumwa Karume.

Mkaa_Ilala
Hoja yako ina uzito, mkuu, lakini tuonyeshe shati la pamba yetu ambalo mwanafunzi wa bumu analimudu, nami nitakuwa wa kwanza kulinunua.

Dada_Bwenini
Tunabishana juu ya mahali pa kununua ilhali tatizo lake ni muda wa asubuhi. Achague rangi tulivu zinazooana zote, kwa mfano suruali tatu za kadeti na mashati matano yasiyo na maua, na atakuwa na mavazi 15 tofauti bila kufikiri. Kuhusu pasi, afue Jumamosi, aanike shati kwenye hanga likiwa limekung'utwa vizuri, kola ikinyooshwa kwa vidole. Suruali ikikaribia kukauka aikunje kwa kufuata mishono ya pande mbili, ailaze kati ya magazeti chini ya godoro, alale. Asubuhi mstari utakuwa umesimama. Bwenini kwetu, ambako soketi moja inagombewa na chumba kizima, wengi tunaishi hivyo.

Msomi_wa_Tandika
Na viatu? Moka nyeusi za ngozi zifutwe kwa kitambaa tu. Raba nyeupe ni utumwa.

Dada_Bwenini
Moka bila soksi katika joto hili ni kuwaonea wanafunzi wa dawati la mbele.

Kijana_wa_Ubungo
Nashukuru sana, wakuu. Ninaelekea Karume, kisha kwa fundi wa kupunguza. Jambo moja nililisahau: nguo hizi nataka nizitumie pia Julai kwenye mazoezi ya kufundisha, na nimepangiwa Makete.

Mkaa_Ilala
Makete! Mkuu, sisi tunakushauri kuhusu jasho, nawe unakwenda kwenye baridi ya Njombe mwezi Julai? Punguza mashati yawe matatu, uongeze sweta mbili za kola ya V. Hapa Dar es Salaam hazigombewi, utazipata kwa bei nzuri.

Mzalendo_Pamba
Asibebe mzigo kutoka Dar es Salaam. Anunue Makambako akiwa njiani, huko wauzaji wanajua sweta ipi inazuia baridi na ipi ni pambo.

Mama_Cherehani
Hilo basi litamshushia mizigo asubiri achague sweta? Kijana, shule uliyopangiwa inadai tai au haidai?