Namna ya kumzoesha ndege chozi anywe maji ya sukari mkononi

Mkazi wa Uyole:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimetazama video za watu wa Marekani waliokaa barazani, wameshika chombo kidogo cha maji ya sukari, na ndege wadogo waitwao kolibri wanakuja kunywa huku wakielea hewani karibu kabisa na nyuso zao. Hapa kwangu Uyole mishubiri imechanua, na kila asubuhi huja ndege wadogo wenye midomo mirefu iliyopinda, mmoja wao wa kijani kinachometameta na mwenye mkia mrefu. Je, hao nao ni kolibri? Inawezekana kuwazoesha wanywe mkononi bila kuwadhuru? Watoto wanataka kuwawekea asali, lakini nimewaambia wasubiri kwanza nipate ushauri.

Mama wa Tukuyu:
Umefanya vema sana kuizuia asali, kwa sababu ikichanganywa na maji huchachuka upesi na kuotesha kuvu inayoweza kumdhuru ndege. Tumia sukari nyeupe ya kawaida, kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Sukari ya kahawia usiweke, wala rangi ya chakula. Wekundu uwe kwenye chombo, si ndani ya maji.

Kolibri wanaishi katika mabara ya Amerika tu. Huyo wako ni chozi dume aliyevaa manyoya ya msimu wa kuzaliana, na akichangamka mbele ya jike utamwona akifunua vishungi vya njano ubavuni mwa kifua. Tofauti hiyo ni ya msingi katika jambo unalouliza: kolibri hunywa akiwa hewani, ilhali chozi, ingawa anaweza kuelea kwa muda mfupi, hupenda kushika shina kwa kucha zake ndipo achovye mdomo. Kwa hiyo funga kijiti chini ya tundu la chombo, la sivyo atazunguka mara mbili tatu kisha arudi zake kwenye mshubiri.

Kitundike chombo kati ya maua anayoyajua tayari. Akishazoea kunywa hapo, kaa kwenye kigoda mita chache kutoka chomboni, saa ileile kila asubuhi, ukiwa kimya, na uwe unasogea kidogo kidogo kadiri anavyokuvumilia. Siku ukiona anakunywa ilhali uko karibu kabisa, kishike chombo mwenyewe mahali palepale kilipokuwa kikining'inia, mkono ukiwa umeegemea kitu ili usitetemeke, na kidole chako kikae usawa wa kile kijiti. Atakapotua kidoleni, usifumbe mkono kamwe, hata kwa mzaha. Ndege aliyeshikwa mara moja hatakuamini tena, na kwa maoni yangu atakuwa na haki.

Mwalimu, Iringa:
Naunga mkono aliyoyasema mama, ila naomba maua yatangulizwe mbele ya chupa. Maji ya sukari yana nguvu tu, hayana lishe nyingine, na chozi hulea makinda yake kwa wadudu na buibui. Anayepuliza dawa za wadudu bustanini huku ametundika maji ya sukari anampa kwa mkono huu na kumnyang'anya kwa mwingine. Panda mishubiri zaidi, na kama una nafasi ongeza yale maua ya mashada marefu mekundu na manjano yanayoota katika nyanda za Hifadhi ya Kitulo, ambayo kitaalamu huitwa Kniphofia. Tafuta miche kwa wauza maua, usiing'oe hifadhini. Utando wa buibui kwenye michongoma pia uuache, kwa maana chozi huutumia kushikilia kiota chake kinachoning'inia.

Milima yetu ina utajiri mkubwa wa ndege hawa. Udzungwa kuna chozi mwenye mabawa ya rangi ya kutu ambaye hapatikani kwingine duniani.

Mkazi wa Uyole:
Nawashukuru sana, mama na mwalimu. Nimetundika chombo chenye kijiti, lakini siafu na sisimizi wamekijaa. Nipake mafuta kwenye kamba?

Mama wa Tukuyu:
Hapana, baba, mafuta yakigusa manyoya yatayagandisha. Toboa kifuniko kikubwa cha plastiki katikati, pitisha kamba, ziba tundu kwa nta, kisha kijaze maji juu ya chombo, sisimizi hawatavuka. Maji ya sukari yabadilishe kila baada ya siku mbili, na joto likizidi, kila siku, ukiosha chupa kwa maji ya moto na brashi mpaka weusi wote utoke.