MJADALA: Kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu (TB), kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja?

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linahusu watoto wachanga.

Mdogo wangu alijifungulia zahanati moja ya pembezoni huku Kigamboni. Mama salama, mtoto salama, kesho yake wakaruhusiwa. Matone ya polio mtoto alipewa. Chanjo ya kifua kikuu akaambiwa, "Utarudi Jumatano, ndiyo siku ya BCG." Jumatano ikafika, akapanda bodaboda na kichanga kimefunikwa khanga. Kufika pale, watoto wawili tu. Wakaambiwa wasubiri, wasipofika wengine waje wiki ijayo, la sivyo dawa itamwagwa. Siku hizohizo jirani yangu alijifungulia hospitali kubwa upande wa Temeke, na mtoto wake alichomwa begani kabla hajatoka wodini. Mkoa ni mmoja.

Tukizungumzia tofauti za chanjo kati ya eneo na eneo, tunakimbilia kulaumu: akina mama hawana elimu, watu wa pembezoni wazito. Mimi nasema kwa BCG tuanze na kichupa chenyewe. Chanjo hii huja ikiwa unga mkavu kwenye kichupa cha dozi 20. Muuguzi akishauchanganya na kimiminika chake, saa 6 zikipita kilichobaki ni cha kutupa, kwa sababu ni bakteria hai waliodhoofishwa na hakuna kihifadhi ndani yake. Kichanga kinachukua mililita 0.05 tu. Hospitali inayozalisha usiku na mchana inamaliza kichupa bila kufikiri. Zahanati inayopata wazazi wachache kwa wiki lazima ichague: imwage dozi, au imrudishe mama nyumbani. Nyingi zinamrudisha mama, na nauli ni yake.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Takwimu hazilioni tatizo hili. Tafiti za kaya huangalia watoto wa miezi 12 hadi 23 na kuuliza kama waliwahi kupata BCG. Aliyechomwa siku ya kwanza na aliyechomwa mwezi wa tatu wote wanahesabiwa sawa. Isitoshe, kwenye takwimu za vituo, mama wa Mkuranga au Kisarawe, wilaya jirani za Pwani, akija kujifungulia Dar, mtoto anachanjwa huku na kuandikwa huku, kwa hiyo asilimia ya mjini inapanda juu ya hali halisi na ya kwao inashuka. Halafu wastani wa wilaya unamficha mtoto wa Pemba Mnazi, pembezoni mwa Kigamboni, nyuma ya yule wa Kibada, karibu na mjini.

Na kuchelewa si jambo dogo. Kazi kubwa ya BCG ni kumkinga mtoto mdogo dhidi ya TB ya utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima kupitia damu. Hizo huua, au humwacha mtoto na ulemavu. Kichanga kikiishi chumba kimoja na babu anayekohoa, kila wiki ya kusubiri ina uzito.

Msimamo wangu: kifunguliwe, hata kama aliyefika ni mmoja.

Mchangiaji (muuguzi, Ilala): Dada, maneno yako yanauma lakini njoo ukae kwenye kiti changu. Nikifungua kwa mtoto mmoja nimemwaga dozi 19, na leja, kitabu cha hesabu ya chanjo, inanidai maelezo. Nikifanya hivyo mara kadhaa, katikati ya mwezi friji haina kitu, na hapo wanakosa wote. Wenzetu wa Kenya mwaka 2025 waliishiwa BCG nchi nzima ikabaki inalalamika. Huyo mtoto mmoja unayemtetea ana wenzake wanaokuja kesho.

Mleta mada: Nesi wangu, hoja yako ni nzito na sikulaumu wewe. Lakini tazama: Shirika la Afya Duniani linaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na kwa chanjo za unga kama hii limekuwa likikadiria kwamba karibu nusu ya dozi zitapotea. Maana yake upotevu huo uwekwe kwenye oda tangu mwanzo, usije ukageuzwa kosa la muuguzi. BCG ni miongoni mwa chanjo za bei ndogo kabisa. Guinea-Bissau watafiti walifuatilia watoto wa vijijini wakakuta jambo hilihili: wengi walisubiri wiki kadhaa kwa sababu kichupa hakifunguliwi mpaka watoto watimie. Leja inayokuhoji dozi 19 zilizomwagwa, ikuhoji pia watoto uliowarudisha. Hao wameandikwa wapi?

Mchangiaji (Mbezi): Mbona Ulaya wameacha kabisa kuchanja watoto wote? Sisi tunagombania kichupa.

Mleta mada: Kweli, Uingereza iliacha kuchanja wanafunzi wote mwaka 2005, na Ufaransa ikaondoa ulazima 2007. Lakini hawakuitupa. Uingereza wanaangalia mtoto anaishi wapi: eneo lenye wagonjwa wa TB 40 au zaidi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kichanga anapewa. Wazazi au babu na bibi wakiwa wametoka nchi yenye kiwango hicho, anapewa pia. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani. Kwa kipimo chao wenyewe, mjukuu wetu akizaliwa London anachanjwa.

Mchangiaji (Chanika): Mimi niko katikati. Zahanati mbili tatu zilizo jirani zipeane zamu, Jumatatu huku, Alhamisi kule, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awapigie simu wazazi. Dozi hazimwagiki hovyo na mama hasubiri zaidi ya siku tatu.

Mleta mada: Baba, hilo nalipokea kwa sharti moja: aliyejifungulia hapohapo asitoke bila kuchanjwa. Zamu ziwe za wanaotoka nje.

Mchangiaji (Mbagala): Mnasahau waliozaliwa nyumbani. Vichupa vyote mkivifungua, hao hamtawaona.

Mleta mada: Sijawasahau. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionesha asilimia 63 ya uzazi ulifanyika vituoni, na wa 2022 ukaonesha 81. Tumepiga hatua, ila karibu mtoto mmoja kati ya watano bado anazaliwa nje ya kituo, na hao huduma ya mkoba, yaani wahudumu wanaobeba chanjo kuwafuata watu walipo, iwafuate ikiwa na BCG ndani. Mama wa namna hiyo anafika kliniki siku aliyopata nauli. Akifika Alhamisi akaambiwa arudi Jumatano, kuna uwezekano mkubwa tusimwone tena mpaka mtoto augue. Ndiyo maana kwenye kikao cha kata nitaomba mambo mawili: maneno "siku ya BCG" yafutwe kwenye matangazo ya mlangoni, na taarifa ya kila robo mwaka ioneshe, zahanati kwa zahanati, watoto wangapi walichanjwa ndani ya wiki ya kwanza. Wauguzi mliomo humu, semeni kama hilo la pili linawezekana kwa rejista mlizonazo sasa.