Kujaza fildi za rekodi kwa jina la kolamu: setattr au dict?

Mikindani_Kodi: Wakuu, naandaa programu ya kupokea korosho ghalani. Kila AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inaleta faili lenye vichwa vyake. Nataka kichwa cha kolamu ndicho kiamue fildi ipi ijazwe, nisirundike if ishirini. Setattr (kujaza fildi ya kitu kwa jina lake) au dict (kamusi ya majina na thamani)? Jumatatu naanza.

Ruvuma77: Lugha gani? Toleo lipi? Faili la aina gani?

Mikindani_Kodi: Samahani. Python, CSV ya Excel. Fildi: mkulima, magunia, uzito, daraja.

Mmakonde_wa_Newala: Dict. `r[kolamu] = thamani`, kwisha kazi.

Ruvuma77: Hapo ndipo kazi inaanza. Andika `uzto`, dict inapokea kimya na uzito unabaki mtupu. Setattr kwenye klasi ya kawaida, hali ni ileile. Tumia `@dataclass(slots=True)`, inayofunga orodha ya fildi za klasi, ipo tangu Python 3.10; `setattr(m, "uzto", 80)` inagoma palepale kwa AttributeError.

Korosho_Ghafi: Mnagombania mlango, ukuta umebomoka. Excel ikihifadhi kama CSV UTF-8 inatanguliza BOM (alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili), kwa hiyo kolamu ya kwanza ni `\ufeffmkulima`. Ukiichapisha kwenye skrini huioni, na `strip()` haiitoi. Fungua faili kwa `encoding="utf-8-sig"`. La pili: setattr haibadilishi aina. CSV inatoa maneno, na kuandika `uzito: float` kwenye dataclass hakukagui chochote. `"80" + "80"` ni `"8080"`: magunia mawili yameshakuwa tani nane! Weka ramani:

`RAMANI = {"kilo": ("uzito", float), "uzito (kg)": ("uzito", float), "gunia": ("magunia", int)}`

halafu

`jina, aina = RAMANI[kolamu.strip().lower()]`
`setattr(m, jina, aina(thamani))`

Kichwa kisichomo kinatoa KeyError, na hakuna atakayekupenyezea jina la ndani la Python kama `__class__`. "1,250" ondoa mkato kwanza, la sivyo float inakataa.

Mmakonde_wa_Newala: Ramani yenyewe si dict hiyo? 😂

Ruvuma77: Float kwa kilo za mkulima? `0.1 + 0.2 == 0.3` ni False. Weka Decimal, aina ya namba inayotunza desimali kamili.

Korosho_Ghafi: Au gramu kwa int (namba kamili). Mizani ya ghala haisomi chini ya gramu.

Ruvuma77: Bei je? Nayo utaiweka kwa senti?

Mikindani_Kodi: Jamani, seva ina Python 3.8.

Ruvuma77: Ungesema mapema! Basi andika `__slots__` kwa mkono, ila fildi zisiwe na thamani za awali; ukiweka `uzito: float = 0` klasi yenyewe inakataa kuundwa, ValueError.

Mmakonde_wa_Newala: Dict inakusubiri, mkuu.