Nataka kununua tawi la kuku na chipsi Zimmerman lakini jina liko CRB, pesa nitoe wapi?

mama_shiku

Habari za jioni wadau, naombeni mnisaidie kufikiria hii maneno kabla nifanye kitu cha haraka. Kuna tawi la franchaizi ya kuku na chipsi huku Zimmerman, si kubwa, ni mlango mmoja na viti vichache, mwenyewe anahamia Eldoret na anauza kila kitu, fraya, friji, ile woma ya chipsi, signboard na ule mkataba wa kutumia jina. Anataka milioni 1.4. Anasema duka linauza elfu 15 kwa siku. Mimi niko na laki 4 na nusu keshi, alafu kwa Sacco niko na akiba ya laki moja na themanini.

Shida ni CRB, wale wanaoweka rekodi za madeni ya watu. Hoteli niliyokuwa nafanya kazi ilifungwa 2020, loni ya benki ikasimama ikiwa imebaki elfu 52, na mikopo ya simu ndio tulikuwa tunakulia nayo nyumbani, hiyo imebaki kama elfu 11. Sijawahi kulikana deni hata siku moja. Sai benki wanasema deni lao limefika laki moja na elfu arobaini, na wakiona skoo yangu ya CRB hawataki hata kusoma karatasi za biashara.

Sasa kuna shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hapa karibu amekubali kunipa laki 9 na nusu kwa asilimia 10 kwa mwezi nikiweka hati ya shamba la mama. Mama amesema sawa lakini mimi roho inakataa. Mwingine ananiambia nifungue kampuni nikope na jina la kampuni ju kampuni haina CRB. Hii kazi ya jikoni naijua kabisa na nataka hilo duka sana. Nionyesheni njia tafadhali.

kiprono_mikopo

Dada mama_shiku pole kwa hayo ya 2020, ulikuwa na wenzako wengi sana. Mimi niko ofisi ya mikopo kwa Sacco moja hapa mjini kwa hivyo hizi fomu napitia kila siku.

Kwanza huyo shailoki. Asilimia 10 ya laki 9 na nusu ni elfu 95 kila mwezi, na hiyo ni riba peke yake hujagusa deni lenyewe. Hakuna kiduka cha mlango mmoja kitatoa hiyo. Hati ya mama irudi kwa sanduku leo, tafadhali sana.

Hiyo ya kufungua kampuni haitakusaidia. Kampuni mpya haina historia yoyote, kwa hivyo benki inaangalia madairekta, na dairekta ni wewe, alafu wanakuambia usaini dhamana wewe binafsi. Utakuwa umelipa pesa za usajili ukarudi pale pale.

Sasa CRB yenyewe. Ziko tatu zenye leseni ya Benki Kuu, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kila moja inafaa kukupa ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Chukua zote tatu ju hazifanani, unaeza pata deni limelipwa huku lakini kule bado linasoma halijalipwa, au kuna la mtu mwingine kabisa. Hiyo elfu 11 ya simu ilipe hata wiki hii, uchukue barua ya kumaliza deni kwa kila mmoja wao, alafu ufuatilie mpaka uone wametuma taarifa CRB. Usingoje wajifanyie, wengine wanakaa nayo. Historia ya kuchelewa itabaki kwa ripoti miaka 5 toka siku umemaliza kulipa, lakini deni lililolipwa na deni lililo wazi hatuvisomi sawa hata kidogo. Na yule mtu wa mtandaoni anasema umtumie pesa akufute CRB usimtumie, hakuna mtu wa nje anafuta.

Hiyo laki na arobaini nayo usikubali hivi hivi. Sheria ya Banking kifungu cha 44A, imeanza kutumika 2007, inasema loni ikishasimama benki haiwezi kudai riba inayozidi ile prinsipo, yaani deni lenyewe bila riba, iliyokuwa imebaki siku ilisimama. Kama ilikuwa 52, riba mwisho ni 52 ingine, jumla 104, waongeze tu gharama zao za kufuatilia deni na wakuonyeshe hizo gharama kwa karatasi. Na ulicholipa tangu hapo kihesabiwe. Waandikie barua utaje hicho kifungu, uombe stetimenti yote toka mwanzo na pia uombe mpango wa kulipa. Wakishaona unajua watakaa chini na wewe.

jikoni_kasarani

Mama shiku mimi nimeendesha tawi la jina la watu, si hilo lako, lakini mfumo ni huo huo. Wacha tuweke hesabu hapa wazi ju ukiangalia mauzo pekee utalia.

Elfu 15 kwa siku ni laki 4 na nusu kwa mwezi kama hufungi hata Jumapili. Kuku, waru, mafuta, sosi na paketi za kubebea vitakula kama asilimia 60, hiyo ni laki 2 na 70. Kampuni yenye jina inachukua mrabaha, yaani ada ya kutumia jina lao, tuseme asilimia 6 na ingine 2 ya matangazo, na hapa ndio watu huumia, hiyo asilimia inatoka kwa mauzo yote si kwa faida, kwa hivyo elfu 36 inaenda hata mwezi ule umepata hasara. Renti weka 45. Wafanyakazi watatu wa elfu 18 ni 54. Stima na gesi 20. Jumlisha, ni laki 4 na elfu 25. Umebaki na elfu 25. Hapo sijaweka permit ya kaunti, vyeti vya afya vya wafanyakazi, friji kuharibika, waru kupanda bei kama vile hupanda.

Kwa hivyo swali la kwanza si nani atakukopesha. Ni hiyo elfu 25 inaeza beba deni la pesa ngapi. Kwa maoni yangu haiwezi kubeba milioni 1.4, hata ungekuwa na skoo safi kama ya waziri.

Alafu uliza mkataba wa jina umebakisha miaka mingapi. Kama ni wa miaka 5 na imebaki 2, unanunua miaka 2, na ku-renew utalipa tena. Hiyo pekee inashusha bei.

mama_shiku

Asanteni sana, Mungu awabariki. Ile ya 44A sikuwa nimewahi kuisikia, barua naandika kesho asubuhi. Nimempigia mwenye duka nikamuuliza mkataba, ni kweli imebaki miaka 2 na miezi kidogo. Lakini sasa anasema kuna watu wengine wanataka na niweke deposit laki 2 wikendi hii ndio anishikie. Na hiyo elfu 15 kwa siku nitajuaje ni ukweli?

jikoni_kasarani

Usiweke deposit ya kushikiwa, mama. Hiyo elfu 15 isome kwa karatasi zake yeye. Mwambie akupe stetimenti ya till ya M-Pesa ya mwaka mzima, na risiti za eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kodi. Lakini kile hakidanganyi ni kuku. Kampuni yenye jina ndio inamletea kuku wakiwa wameshakolezwa, si ndio? Kila delivari iko na karatasi imesainiwa. Jumlisha kuku wa mwezi mmoja, kuku mmoja anatoa kwota 4, zidisha kwa bei ya kwota na chipsi zake. Kama karatasi zinaonyesha kuku 15 kwa siku, hizo ni kwota 60, na kama sahani ni 200 hapo una elfu 12, haiwezi kufika 15 hata uongeze soda, labda iwe wikendi. Kampuni pia uwaulize wenyewe, wao wanajua walimuuzia kuku wangapi.

abdi_section3

Salamu wadau. Huku Eastleigh biashara nyingi zinabadilisha mikono bila benki kuingia kabisa, muuzaji ndio anakuwa mkopeshaji. Dada, huyu mtu anahama, anataka kutoka, na mkataba wake unaisha. Wewe ndio uko na nguvu hapa, si yeye. Hao wengine wanaotaka wangekuwa na pesa wangekuwa wameshalipa.

Mwambie hivi, laki 9 yote. Laki 3 unampa siku ya kubadilisha mkataba, laki 3 inatoka Sacco yako, na laki 3 ya mwisho unamlipa elfu 15 kwa mwezi kwa miezi 20 bila riba, iandikwe kwa wakili, na mashine zibaki kama dhamana yake mpaka umalize. Faida yake ingine hujaona, mtu ambaye bado anakudai anakuambia ukweli wote kuhusu duka ju anataka liendelee. Akikataa kabisa kulipwa kidogo kidogo hata laki moja, jiulize ni nini anajua wewe hujui.

Kwa ile keshi elfu 150 itabaki, toa ya simu na ya wakili, ingine usiiguse. Elfu 120 kaa nayo ya stoki na renti ya miezi miwili, duka jipya linakufa kwa kukosa pesa ya kununua mafuta, si kwa kukosa wateja.

kiprono_mikopo

Abdi umesema vizuri. Kwa upande wa Sacco, zetu nyingi tunatoa mpaka mara tatu ya akiba, kwa hivyo laki 3 uko ndani. Akiba yako laki 1.8 inajisimamia, wadhamini unatafuta wa ile elfu 120 imebaki tu. CRB tutaiangalia lakini mwanachama mwenye akiba, barua za kumaliza mikopo ya simu na mpango wa kulipa benki ulioandikwa, huyo naeza mtetea kwa kamati. Kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio, miezi 36, utalipa karibu elfu 10. Ongeza 15 ya muuzaji, hiyo ni ile 25 yote ya jikoni_kasarani. Kwa hivyo wewe mwenyewe uingie jikoni badala ya mfanyakazi mmoja, na ile 18 yake iwe ndio mshahara wako mpaka deni la muuzaji liishe. Ni nyembamba. Ukiona mauzo ya kuku wa zile karatasi hayafiki elfu 15 kwa siku, laki 9 pia ni ghali, shuka tena.

Na wale wadhamini waambie ukweli wote kuhusu CRB kabla wasaini. Ukichelewa wao ndio tunawakata.

wakili_wa_mtaa

Naongeza ya sheria kwa haraka ju hapa ndio watu wazuri hupoteza.

Kenya hatuna sheria maalum ya franchaizi. Marekani kampuni inalazimishwa kukupa kabrasha lote la gharama, kesi na historia angalau siku 14 kabla usaini au ulipe. Hapa hakuna, kila kitu ni ule mkataba, kwa hivyo usome wote na upate idhini ya kampuni kwa maandishi kwamba wewe ndio mwenye tawi sasa. Bila hiyo utakuwa umenunua fraya na viti.

Pili, kuna Transfer of Businesses Act, Cap 500. Ukinunua biashara inayoendelea bila ilani kutangazwa kwa Gazeti la Serikali, madeni ya mwenye duka kwa ile biashara yanaeza kukufuata wewe. Wakili wako aweke hiyo ilani, na usimalizie malipo kabla muda wake uishe.

Tatu, tangu 2017 mtu anaeza kuweka friji na fraya kama dhamana ya mkopo na isajiliwe. Rejista iko eCitizen, tafuta jina la muuzaji hapo kabla hujatoa shilingi. Kama mashine zimeshikwa, mwenye kuzishika atazifuata mpaka Zimmerman. Rejista hiyo hiyo ndio muuzaji atatumia kusajili ile laki 3 yake ya mwisho.

mama_shiku

Nimesoma yote mara kadhaa. Hati ya mama nimemrudishia mkononi. Mwenye duka nimemwambia deposit sina mpaka nione stetimenti ya till na karatasi za kuku, amenyamaza kwanza alafu akasema nije Jumanne jioni. Laki 9 alisema hapana, lakini ya kulipwa kidogo kidogo hajakataa. Landilodi je, naye nimwone sai ama baadaye?

wakili_wa_mtaa

Mwone kabla ya Jumanne, mama. Uliza kama muuzaji ana lizi ya maandishi na ni ya miaka mingapi, na kama landilodi atakuandikia yako kwa renti hiyo hiyo. Lizi ya duka ikiwa haizidi miaka 5 au haijaandikwa kabisa, inakingwa na Cap 301, sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, hawezi kukupandishia renti ama kukutoa bila notisi rasmi ya miezi miwili, na ukipinga kuna tribunali ya renti za biashara. Lakini akitaka gudwili mpya, ile pesa ya kuingia duka juu ya renti, kutoka kwako ju mpangaji amebadilika, hiyo iingie kwa hesabu ya bei kabla hujamjibu muuzaji, itoke kwa ile laki 9 si juu yake.